HELEN KELLER, MWOMBAJI KWA AJILI YA WASIOONA



Sisi tunaopita nyumba kwa nyumba na daftari la michango, Musoma, Bunda hata Butiama, twajua jinsi miguu inavyokuwa mizito kabla ya kupiga hodi. Mchango wa harusi huombwa bila haya. Wa vipofu tunauomba kwa sauti ndogo, kama watu wenye kosa. Basi na tuyatazame maisha ya Bibi Helen Keller.

Alizaliwa tarehe 27 Juni 1880 huko Tuscumbia, Alabama, Marekani. Alipokuwa na miezi 19 aliugua sana, akapoteza kuona na kusikia. Mwaka 1887 aliletewa mwalimu, Anne Sullivan, ambaye macho yake mwenyewe yaliharibiwa utotoni na trakoma, ugonjwa ule ule wa vikope uliopofusha wengi katika nchi yetu. Siku moja penye bomba, mwalimu alimmwagia maji mkono mmoja, na katika mkono wa pili akamwandikia kwa vidole herufi za neno maji. Mtoto akatambua kuwa kila kitu kina jina. Mwaka 1904 alihitimu Chuo cha Radcliffe, mtu wa kwanza asiyeona wala kusikia kupata shahada.

Lakini kupokea msaada kulimshinda. Tajiri Andrew Carnegie alipotaka kumpa fedha za matunzo kila mwaka, alikataa, kwa kuwa alitaka kula jasho lake. Ikawa mwaka 1913, wakiwa safarini, mwalimu wake akaugua hotelini. Helen hakuweza kumwita mtu, maana simu haikumfaa kitu. Baada ya hofu ile alimwandikia Carnegie na kukubali.

Aliyekwisha kujifunza kupokea akaanza kuwaombea wengine. Tangu mwaka 1924 yeye na mwalimu wake walizunguka Marekani wakichangisha fedha kwa ajili ya wasioona, makanisani, katika masinagogi na kumbi za miji. Kwa miaka 3 walifanya mikutano 249 katika miji 123. Walitafuta dola milioni 2, wala katika safari zile hawakuzifikia. Kazi hiyo ya kuomba haikuwa tamu kwake, lakini hakuiacha. Mwaka 1925 aliwasihi wanachama wa Lions waifanye kazi ya vipofu kuwa yao, nao wakaitika. Hata Afrika Mashariki vilabu vyao vimeendesha kambi za macho.

Alifariki tarehe 1 Juni 1968. Majivu yake yamewekwa katika Kanisa Kuu la Kianglikana mjini Washington, karibu na ya mwalimu wake.

Kanisa letu lina sehemu katika kazi hii. Mwaka 1950 lilianzisha shule ya wasioona pale Buigiri, karibu na Dodoma. Ndugu zetu wanaohitaji miwani, upasuaji wa mtoto wa jicho au vitabu vya nukta nundu wangali jirani zetu.

Bartimayo alipopaza sauti njiani pale Yeriko, watu walimkemea anyamaze, lakini Bwana alisimama. Basi tunapotoka na daftari, tusiinamishe vichwa. Na mwenzetu akipiga hodi kwetu, tumkaribishe kwanza, ndipo tutazame tulicho nacho, kwa kuwa kutoa ni moyo. Mungu awabariki. Amina.