Daktari wa Mifugo Aliyewakinga Watoto

Tazama kadi ya kliniki ya mtoto wako. Utaona herufi tatu: BCG. Hilo ni jina la chanjo ya kifua kikuu. Herufi G ni ya mtu aliyeitwa Camille Guérin. Huyu hakuwa daktari wa watu. Alikuwa daktari wa mifugo.

Guérin alizaliwa mwaka 1872 katika mji wa Poitiers, nchi ya Ufaransa. Alipokuwa bado mtoto, baba yake alikufa kwa kifua kikuu. Guérin alikua, akasomea uganga wa mifugo. Mwaka 1897 alianza kazi katika mji wa Lille pamoja na Daktari Albert Calmette. Herufi C ni ya huyo Calmette.

Wakati huo kifua kikuu kiliua watu na ng'ombe wengi. Watu wengine waliupata ugonjwa kwa kunywa maziwa mabichi. Guérin na Calmette walichukua vijidudu vya ng'ombe mgonjwa. Mwaka 1908 walianza kuvikuza juu ya viazi vilivyopikwa kwa nyongo ya ng'ombe. Kila baada ya wiki tatu walivihamishia kwenye viazi vipya. Kidogo kidogo vijidudu vilipungua ukali.

Mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Ndiyo vita ile iliyofika hadi Newala. Wajerumani waliuteka mji wa Lille. Viazi na nyongo vilipatikana kwa shida. Mwaka 1918 mke wa Guérin naye alikufa kwa kifua kikuu. Guérin hakuacha kazi.

Kazi hiyo ilichukua miaka 13. Vijidudu vilihamishwa mara 230. Mwishowe havikuweza tena kuleta ugonjwa, bali viliufundisha mwili kujikinga. Mwaka 1921 mtoto mchanga wa kwanza alipewa chanjo mjini Paris. Mama yake alikuwa amekufa kwa kifua kikuu. Mtoto hakuugua.

Mwaka 1930 watoto zaidi ya 70 walikufa katika mji wa Lübeck, Ujerumani. Watu waliiogopa chanjo. Uchunguzi ulionyesha kuwa chanjo ya huko ilichanganyika na vijidudu vikali. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa. Guérin alifariki mwaka 1961.

Chanjo hii hupewa wanyama wa porini pia. Huko Uingereza yuko mnyama anayechimba mashimo, aitwaye baja. Yeye na ng'ombe huambukizana kifua kikuu. Tangu mwaka 2010 baja hutegwa, huchanjwa, kisha huachwa waende. Hapa Tanzania vijidudu hivyo vimeonekana katika nyumbu wa Serengeti. Mnyama wa porini hajui mpaka wa malisho.

Nasi wa Mikindani, Msimbati na Kitaya tujikinge. Tuchemshe maziwa. Tuwapeleke watoto wachanga wakachanjwe. Chanjo hii huwakinga zaidi watoto wadogo. Kwa hiyo mtu mzima akikohoa wiki mbili, aende zahanati. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Guérin hakuacha kazi yake?
2. Kwa nini watu wa Ulaya waliiogopa chanjo mwaka 1930?
3. Je, katika kijiji chetu maziwa huchemshwa kabla ya kunywewa?