Mary Breckinridge: Nesi Aliyerudi Darasani Akiwa na Miaka 41

Msimu wa kujaza fomu za uzamili ukifika, wenzetu wa uuguzi hawalali. Huyu anataka wagonjwa mahututi, yule afya ya akili, mwingine anasubiri kwanza aone rafiki zake wanajaza nini. Ukunga unaachwa wa mwisho, eti ni kazi ya kukesha. Haya, kabla hujaweka tiki, msikie huyu mama wa Kimarekani.

Mary Breckinridge alizaliwa 1881 mjini Memphis, kwenye ukoo wa wakubwa hasa. Babu yake aliwahi kuwa Makamu wa Rais wa Marekani. Baba yake alikuwa mbunge, kisha balozi nchini Urusi. Binti wa nyumba kama ile alisomeshwa Uswisi, akajua Kifaransa, halafu akangojwa aolewe. Akaolewa kweli, 1904. Miaka miwili tu, mume akafa kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Ndipo akaingia kusomea unesi katika Hospitali ya St. Luke's, New York, akahitimu 1910.

Ungedhani safari ndiyo imeanza, lakini wapi! 1912 aliolewa tena, na mkuu wa chuo kimoja cha wasichana huko Arkansas, cheti cha unesi kikalala. 1914 akapata mtoto wa kiume, Breckie. 1916 akajifungua binti njiti, Polly, aliyeishi saa chache tu. Januari 1918 Breckie naye akafariki, ndiyo kwanza ametimiza miaka minne. Ndoa haikuhimili hayo. Wakaachana, naye akarudia jina la kwao.

Wengi husimulia kwamba alichagua ukunga kwa sababu ya uchungu wa wanawe. Ni kweli, ila nusu. Msiba ulimpeleka kwa watoto, haukumwonyesha njia ya kuwafikia. Njia aliiona Ufaransa, alikokwenda 1919 kuhudumia kina mama na watoto kwenye vijiji vilivyosagwa na Vita Kuu ya Kwanza. Huko alikutana na manesi Waingereza waliokuwa pia wakunga: mtu mmoja, taaluma mbili. Kwao Marekani jambo hilo lilikuwa geni. Nesi aliuguza, kuzalisha kulikuwa kwa daktari, na pasipo daktari, kwa bibi wa kijijini.

Aliporudi hakukimbilia kozi iliyokuwa na jina. Alisoma kwanza uuguzi wa afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha Columbia, umri umeshafika miaka 41. Kiangazi cha 1923 akapanda farasi, akaingia milima ya mashariki mwa Kentucky, mahali pasipo barabara za maana, akawahoji wakunga wa jadi 53 mmoja mmoja. Nasema wazi, sehemu hii ndiyo naipenda kuliko zote. Alikwenda kwanza kuwauliza wanaozalisha, ndipo akaamua asomee nini. Jibu lilipopatikana, fani yenyewe ilikuwa bado haijasimama nchini mwake, kwa hiyo akavuka bahari kuisomea London. Akapata cheti cha ukunga, kisha akapanda hadi Uskoti kujionea manesi wanavyohudumia watu waliotawanyika milimani na visiwani.

1925 alirudi Kentucky kuanzisha shirika ambalo mwaka 1928 liliitwa Frontier Nursing Service. Vituo viliwekwa kwa kupimiana umbali, ili nesi amfikie mzazi kabla mtoto hajafika. Usafiri ni farasi, vifaa ndani ya mikoba iliyoning'inia kwenye tandiko, mito inavukwa hata maji yakiwa ya barafu. Walitunza familia nzima, si mjamzito peke yake: chanjo, vidonda, homa. Kampuni moja ya bima ilipochambua uzazi 1,000 wa kwanza, haikukuta mama hata mmoja aliyekufa moja kwa moja kwa sababu ya uzazi. Na hii ni milimani, kwa watu maskini, wengi wakijifungulia nyumbani.

Tusimpake mafuta lakini. Breckinridge aliamini ubaguzi wa rangi wa tabaka lake, na manesi Weusi hawakuwa na nafasi katika shirika lake. Mama yule yule aliyeona uchungu wa wazungu maskini wa milimani aliwafungia mlango wenzake wa kazi kwa sababu ya ngozi. Ukimsoma, msome na hilo.

1931 farasi alimwangusha, akavunjika uti wa mgongo. Alipopata nafuu akaendelea na kazi. Pigo kubwa zaidi lilikuja 1939. Vita vilipolipuka, wakunga wengi Waingereza aliowategemea walirudi kwao. Mwaka huo huo akafungua shule yake mwenyewe ya kuwafundisha ukunga manesi waliokwisha kuhitimu. Alifariki Mei 1965, nyumbani kwake Wendover, kule kule milimani.

Shule ile leo ni Chuo Kikuu cha Frontier Nursing. Nesi anayeomba uzamili pale anakuta ukunga kwenye orodha ya michepuo, sambamba na afya ya akili na afya ya familia, naye anatakiwa achague.