Michel Chasles, mtaalamu wa hesabu aliyeuziwa barua 27 000 za uongo

Mwanafunzi wa sekondari aliyesoma vekta anaijua kanuni ya Chasles: kutoka A kupitia B hadi C ni sawa na kutoka A moja kwa moja hadi C. Wachache wanajua kwamba mwenye jina hilo alidanganywa kwa miaka 8.

Michel Chasles alizaliwa tarehe 15 Novemba 1793 kule Épernon, inchi ya Ufaransa. Alifundisha jiometri kwenye Sorbonne, Paris, na kunako mwaka 1851 akaingia katika Akademia ya Sayansi.

Mzee huyu alipenda sana karatasi za kale. Tangu 1861, Denis Vrain-Lucas alimuuzia barua zaidi ya 27 000, kwa faranga karibu 140 000. Muuzaji huyo alikata kurasa tupu kwenye vitabu vya zamani, akaandika kwa wino aliotengeneza mwenyewe, kisha akazipitisha karatasi karibu na moto ili zionekane za kale.

Mwaka 1867, Chasles alileta mbele ya Akademia barua zilizodai kwamba Mfaransa Pascal aligundua sheria ya mvutano kabla ya Mwingereza Newton. Heshima ya inchi mbili ikawa mashakani. Prosper Faugère, aliyeujua vizuri mwandiko wa Pascal, alikataa: mkono huo si wake. Wengine wakahesabu miaka: wakati barua zingine ziliandikwa, Newton alikuwa angali mtoto. Kila alipobanwa, Chasles alirudi na barua mpya ya kumtetea, kutoka kwa muuzaji yuleyule.

Mwezi wa Septemba 1869, Vrain-Lucas alikamatwa, na Chasles akakubali kosa lake mbele ya wenzake. Wataalamu Bordier na Mabille walichunguza rundo zima. Walikuta barua za Kleopatra na za Maria Magdalena, zote kwa Kifaransa, lugha ambayo haikuwepo siku zao! Februari 1870, tribinali ilimhukumu Vrain-Lucas miaka 2 ya gereza.

Chasles alifariki tarehe 18 Desemba 1880. Jina lake limeandikwa kwenye mnara wa Eiffel. Akili hakukosa, alikosa kuuliza yale ambayo kila mnunuzi wa kiwanja huku kwetu anapaswa kuuliza kabla ya kutoa feza: karatasi hii imetoka wapi, nani aliiandika, na tarehe zake zinapatana?