Dakta Kitasato na Siri ya Pepopunda

Katika kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani, ndani ya kijiji cha milimani kiitwacho Oguni, alizaliwa mwaka 1853 Kitasato Shibasaburo, mtu ambaye kila mzazi wa visiwani humu ana deni kwake, ajue asijue.

Wazee wetu waliyajua maradhi ya pepopunda kwa ukatili wake. Mkulima hujikata kwa jembe, siku zikapita, mara taya likafunga na mgongo ukapinda kama uta. Mtoto mchanga aliyekatwa kitovu kwa wembe mchafu huacha kunyonya yapata siku ya saba, na haupiti muda huzikwa. Wengi walimtuhumu shetani. Kumbe mwenye kosa ni bakteria mwenye umbo la kijiti, akaaye udongoni na katika samadi, ambaye ncha yake moja huvimba kama mkwiro wa ngoma. Yeye mwenyewe haondoki jerahani. Sumu yake ndiyo isafiriyo katika mishipa ya fahamu na kuikaza misuli.

Kitasato alihitimu utabibu Tokyo mwaka 1883, kisha serikali yake ikampeleka Berlin kwa Robert Koch, yule yule aliyefika Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza maradhi. Wataalamu wa wakati ule walishindwa kumtenga kijidudu wa pepopunda, kwani kila alipooteshwa alichanganyika na wengine. Kitasato aliupasha moto mchanganyiko huo hadi nyuzi 80. Wengine wakafa, mbegu zake ngumu zikabaki. Naye akaziotesha katika chombo kilichojazwa haidrojeni, maana hewa tuivutayo sisi humdhuru yeye. Huo ulikuwa mwaka 1889. Mwaka uliofuata, yeye na Emil von Behring walithibitisha kwamba majimaji ya damu ya sungura aliyekwisha kuzoeshwa sumu hiyo, akidungwa panya, humkinga panya. Njia hiyo ilifaa pia kwa dondakoo. Na chanjo wanayodungwa leo mama wajawazito katika kliniki zetu ni sumu ile ile iliyovunjwa makali.

Tuzo ya kwanza ya Nobel ya utabibu, mwaka 1901, alipewa Behring peke yake. Hapo, kwa maoni yetu, haki haikutimia.

Lakini mtihani wake mkubwa ulitoka nyumbani. Ogata Masanori, aliyemfundisha elimu ya vijidudu, alikuwa ametangaza kwamba amemwona bakteria wa beriberi. Kitasato, akiwa bado Ujerumani, aliandika kwamba ushahidi huo hautoshi. Sisi tuliokaa vyuoni mbele ya mwalimu, tukabusu mkono wake, twajua uzito wa jambo hilo. Wakubwa wa chuo kikuu cha Tokyo walimwita mtovu wa shukrani. Hata hivyo ukweli ulikuwa upande wake: beriberi huletwa na upungufu wa vitamini katika chakula.

Aliporudi mwaka 1892, bingwa huyo hakuwa na mahali pa kufanyia kazi. Aliyemwokoa ni mwananchi mmoja, Fukuzawa Yukichi, aliyemsaidia kuanzisha taasisi ya maradhi ya kuambukiza. Humo, mwaka 1897, mwanafunzi wake Shiga Kiyoshi alimgundua bakteria wa ugonjwa wa kuhara damu, kijiti kingine chenye sumu.

Taasisi hiyo baadaye ikawa mali ya serikali. Mwaka 1914 wakubwa waliihamisha kutoka wizara moja kwenda nyingine na kuamua kuiweka chini ya chuo kikuu kile kile, bila hata kumshauri mkurugenzi wake. Kitasato akajiuzulu. Wasaidizi wake wakuu, Shiga akiwamo, wakamfuata. Serikali ikabaki na majengo. Kwa fedha zake mwenyewe akajenga taasisi mpya, ambayo ingalipo hadi leo.

Alifariki Tokyo mwaka 1931, akiwa na umri wa miaka 78. Tangu Julai 2024 sura yake imo katika noti ya yeni 1,000, inayotolewa na benki kuu ya nchi hiyo hiyo.