Christian Hülsmeyer na Kengele ya Meli

Bila shaka umewahi kuamka asubuhi ukakuta ukungu mzito, hata nyumba ya jirani haionekani. Sasa fikiri kwamba wewe ni nahodha. Meli nyingine inakuja mbele yako, nawe huioni. Zamani mabaharia na abiria wengi walipoteza maisha kwa sababu hiyo. Utasoma hapa habari za mtu aliyetafuta njia ya kuwaokoa.

Christian Hülsmeyer alizaliwa tarehe 25 Desemba 1881 katika kijiji cha Eydelstedt, nchini Ujerumani. Alipokuwa kijana alikwenda mjini Bremen kusomea ualimu. Huko alijifunza kazi za mwanasayansi Heinrich Hertz, aliyeonyesha mwaka 1888 kwamba mawimbi ya redio hurudishwa na metali, kama vile nuru irudishwavyo na kioo. Christian aliyarudia majaribio hayo kwa mikono yake mwenyewe. Ndipo alipowaza kwamba, kwa kuwa meli nyingi hujengwa kwa chuma, mawimbi hayo yangeweza kuzigundua hata gizani na ukunguni.

Aliacha masomo ya ualimu, akashika kazi ya umeme. Kisha alitengeneza chombo chenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilitoa cheche za umeme na kupeleka mawimbi upande mmoja. Sehemu ya pili ilipokea mawimbi yaliyorudi, nayo iliunganishwa kwa nyaya na kengele. Mawimbi yaliporudi, umeme ulipita katika nyaya na kengele ikalia.

Mwezi wa Mei 1904, mjini Cologne, Hülsmeyer aliwaonyesha watu chombo chake kando ya mto Rhine. Meli ilipokaribia, kengele ililia; ilipokwisha kupita, kengele ilinyamaza. Mwezi wa Juni alikijaribu tena bandarini Rotterdam, nchini Uholanzi. Safari hii kiligundua meli zilizokuwa umbali wa kilometa 3 hivi.

Hata hivyo, wanamaji wa Ujerumani na makampuni ya meli hawakukinunua. Chombo hicho cha kwanza kilionyesha kwamba meli ipo, lakini hakikupima umbali wake. Hülsmeyer akageukia kazi nyingine. Katika miaka ya 1930 wanasayansi wa nchi mbalimbali walitengeneza rada zilizopima umbali kwa kuhesabu muda wa mawimbi kwenda na kurudi. Hülsmeyer alifariki mwaka 1957. Kabla ya kufa kwake, meli nyingi zilikuwa tayari zikisafiri kwa msaada wa rada.

Ukifika bandarini, tazama juu ya mlingoti wa meli kubwa. Utaona antena mfano wa ubao mrefu, ambayo huzunguka rada inapofanya kazi. Waya hushuka kutoka huko hadi chumba cha nahodha, ambako kioo humwonyesha vyombo vilivyo mbele yake. Waya huo ukikatika au maji ya chumvi yakiingia katika viungo vyake, rada inaweza kushindwa kufanya kazi. Kwa hiyo mafundi huukagua mara kwa mara.

Jaribio
Simama mbali na ukuta mrefu, kisha piga makofi mara moja. Sikiliza mwangwi.

Maswali
1. Ni kitu gani kilichorudisha sauti yako?
2. Kwa nini kengele ya Hülsmeyer ililia meli ilipokaribia?
3. Chombo chake kilipungukiwa na nini?