Kawawa: Ofisa jamii aliyekuja kuwa bosi wa maofisa

Wengi wanamjua Rashidi Mfaume Kawawa kama Simba wa Vita. Kabla ya siasa, alikuwa ofisa wa jamii.

Alizaliwa 1926 Ruvuma, akasoma Tabora. Miaka ya 1950 alifanya kazi Maendeleo ya Jamii, akaigiza hadi filamu, ikiwemo Muhogo Mchungu. Mwaka 1953 alipelekwa Tanganyika ya kati kuhudumia Wakikuyu waliowekwa kizuizini kipindi cha Mau Mau. Mtihani kweli: bosi wake ni mkoloni, anaowahudumia wamefungwa na mkoloni huyohuyo.

Mwaka 1972, akiwa Waziri Mkuu, alisimamia Madaraka Mikoani. Wataalamu wa wilaya wakawa chini ya wakurugenzi wa maendeleo, mikoa ikiripoti ofisini kwake. Msimamizi akasogea karibu na kazi. Lakini halmashauri za kuchaguliwa zilifutwa, mwananchi akakosa pa kumbana mtumishi. Za wilaya zilirudi 1984.

Kawawa alifariki Desemba 31, 2009. Leo Tamisemi iko Dodoma, na ofisa ustawi wa halmashauri bado anatazama kuwili: kwa mkurugenzi wake, na kwa wizara inayosimamia taaluma yake.