PABLO CASALS, MPIGAJI NA MWALIMU WA SELO

Selo ni ala ya muziki, jamaa ya fidla, ila ni kubwa zaidi. Ina nyuzi nne, na mpigaji huketi kitini akaiweka katikati ya magoti, akapitisha upinde juu ya nyuzi zake. Sauti yake ni nzito, yakaribia sauti ya mwanamume. Nataka kuwaeleza wasomaji habari za marehemu Pablo Casals, aliyeipiga ala hiyo kwa miaka zaidi ya 80 na kuwafundisha watu wengi.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba, 1876, katika mji mdogo wa El Vendrell, nchi ya Hispania. Baba yake alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, wala hakuwa tajiri. Selo ya kwanza ya mtoto huyu haikuwa selo hasa, bali kibuyu kikavu chenye uzi mmoja. Sisi tulijuao zeze twaweza kumwona alivyoketi nacho. Alipokuwa na miaka 11 alimsikia Bwana Josep García akipiga selo yenyewe, na tangu siku hiyo hakutaka ala nyingine.

Basi nyumbani pakatokea ugomvi. Baba alihofu kwamba muziki hautampa mwanawe chakula, akataka ajifunze useremala. Mama, Bibi Pilar Defilló, alikataa kabisa. Akamchukua mtoto mpaka Barcelona, akamwingiza katika chuo cha muziki alikofundisha Bwana García. Usiku kijana alipiga selo mkahawani ili apate fedha za matumizi.

Siku zile wanafunzi wa selo walizoezwa huku wamebana kitabu kwapani, ili mkono usiondoke ubavuni. Casals aliona kuwa mkono uliofungwa hauwezi kutoa sauti iliyo huru. Akauachia mkono wake, akabadili pia jinsi ya kuweka vidole, na wapigaji wengi wakamfuata. Alipokuwa na miaka 13 alikuta dukani maandiko ya muziki ambao Johann Sebastian Bach aliitungia selo peke yake. Aliufanyia mazoezi miaka kama 12 kabla ya kuthubutu kuupiga mbele ya watu.

Mwaka 1939 Jenerali Franco alishinda vita vya wenyewe kwa wenyewe katika Hispania. Casals, aliyempinga, akakimbilia mji wa Prades, Ufaransa, akawasaidia wakimbizi wenzake waliokuwa makambini. Vita Kuu ilipokwisha, mataifa makubwa yalimwacha Franco atawale. Kwa hiyo Casals aliacha kupiga selo hadharani, ingawa angaliweza kupata fedha nyingi.

Lakini kufundisha hakuacha. Mwaka 1946 alimjia Mmarekani, Bernard Greenhouse, mtu wa miaka 30 na mpigaji hodari tayari. Casals alimfundisha muziki mmoja wa Bach, akamtaka amwige katika kila kidole na kila mwendo wa upinde. Wiki zikapita, hata mwanafunzi akawa kama kivuli cha mwalimu. Ndipo Casals akachukua selo yake, akaupiga muziki ule ule, lakini safari hii vidole na upinde vyote vilikuwa vingine, na bado ukapendeza. Hapo Greenhouse akafahamu kwamba kuiga kulikuwa mlango tu, na sasa ilimpasa aingie kwa miguu yake mwenyewe.

Mwaka 1950 Casals alianza tena kupiga hadharani huko Prades. Baadaye alihamia Puerto Rico, nchi aliyozaliwa mama yake, akasaidia kuanzisha chuo cha muziki. Alifariki huko tarehe 22 Oktoba, 1973, mwenye umri wa miaka 96. Franco alikufa mwaka 1975, na mwaka 1979 mwili wa Casals ukarudishwa El Vendrell.

Ndugu wanafunzi, wako miongoni mwetu waonao haya kuuliza swali darasani kwa sababu wamewazidi wenzao umri. Mimi nami nimekuwa mmoja wao. Lakini Greenhouse alikubali kuanza upya akiwa na miaka 30, na Casals mwenyewe aliendelea na mazoezi hata uzeeni. Nasi wa miaka 17 twaona haya ya nini? Elimu haina mwisho.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne